Aliyetujua kwa Mwendo

Siku ya kuniaga, ninyi wadogo zangu wa kliniki ya macho mlinipa vitu vitatu: blanketi, saa ya ukutani na kazi. Blanketi ninalitumia, saa imeshasimama, na kazi ndiyo hii. Mliniomba niandike niliyoyaona miaka yote niliyokaa kwenye kile chumba chenye pazia jeusi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe panya wameshalipitia. Nitaandika kuhusu kazi, na zaidi kuhusu neno moja nililoliandika kwenye daftari la mgonjwa nikiwa na uhakika kabisa, maana ninyi nanyi mna kalamu, na uhakika ninauona mnao wa kutosha.

Nilizaliwa Nyahanga, Kahama, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kukoboa mpunga. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mpunga. Babu yake alitoka pwani kuja kutafuta maisha, akaoa huku, akasahau njia ya kurudi. Nyumbani tulisema Kiswahili tu, na hilo liliniumbua siku ya kwanza kazini, Shinyanga mjini. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi kutoka Kishapu. Alinieleza habari za jicho lake kwa Kisukuma, kwa utaratibu mzuri, kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono. Mimi nikaandika: "Jicho."

Aliyeniokoa alikuwa Dokta Lutonja, daktari wa macho wa pale, mtu wa Songwa, mrefu, mtaratibu, mwenye kikohozi kidogo kila alipotaka kusema jambo la maana. Alisoma nilichoandika, akakohoa, akasema si uongo. Kisha akakaa na yule bibi akaanza upya. Tangu siku ile nikajifunza Kisukuma cha kliniki, yaani salamu, "inauma wapi" na "usipepese". Kwetu huku muuguzi wa kike huitwa sista hata kama ni Mwislamu mwenye hijabu yake. Kwenye kliniki ya mkoba, tulipowafuata wagonjwa huko Bukombe, mama mmoja aliniuliza mimi ni wa shirika gani la masista, nikamwambia la Nyahanga, akaridhika.

Lutonja alikuwa na desturi moja ambayo wenzangu waliicheka. Kiti chake hakikutazama meza, kilitazama mlango. Mgonjwa akiitwa, mzee hashiki tochi, hagusi daftari. Anamwangalia tu anavyoinuka kwenye benchi, anavyovuka kizingiti, anavyokitafuta kiti. Huyu anagusa ukuta wa kushoto peke yake. Huyu ananyanyua mguu juu mno kwenye kizingiti. Huyu ameshikwa mkono na mwanawe lakini amekwepa ndoo bila kuambiwa. Ndipo anakohoa na kusema, "Zuhura, uchunguzi unaanzia mlangoni." Nililisikia neno hilo kila siku ya kazi kwa miaka, na kitu ukikisikia kila siku unaacha kukisikia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na tulivipenda. Kwanza kadi ya E. Unaisimamisha mbali, unaigeuza, na mgonjwa anaonyesha kwa vidole vitatu miguu ya E imeelekea wapi, hata kama hakusoma shule. Pili tochi. Tatu ile kurunzi ndogo ya kuchungulia ndani ya jicho, ambayo Lutonja aliifunga kwenye leso na kuiweka mfuko wa shati. Mara ya kwanza nilipochungulia nikaona mishipa myekundu imetandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho la mtu aliye hai, anayepumua na kunukia sabuni ya mche, sikutaka kuirudisha kurunzi. Lutonja aliniambia, "Hapo ndipo kazi yetu inapoishia. Ukivuka hapo, habari zinaelekea kisogoni, na huko hatuna tochi." Nilidhani anatania.

Sasa niwaambie nilichokuwa nacho mimi, maana kila mtu ana kipaji chake. Mimi nilikuwa mkali wa kukamata waongo. Wanafunzi wanaotaka miwani kwa sababu mwenzao ana miwani. Mlinzi anayesema haoni gizani ili apangiwe zamu ya mchana. Mbinu zangu zilikuwa nyingi. Ya kwanza ni kumvalisha fremu yenye vioo vitupu na kumuuliza kama sasa anaona vizuri. Anaona vizuri sana, ahsante. Ya pili, tamu kuliko zote, ni kuangusha kalamu. Mtu aliyesema haoni kitu, kalamu ikianguka mbele yake mkono unaidaka wenyewe. Wenzangu waliniita Polisi, na mimi, Mungu anisamehe, nikalipenda jina.

Baadaye nikahamishiwa Geita. Lutonja alistaafu, akarudi Songwa kulima dengu, nami nikawa mkubwa wa chumba. Wagonjwa wa Geita si wa Shinyanga. Wachimbaji wadogo wanakuja na vipande vya jiwe machoni, na wanawake wanaofanya kazi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wanakuja na macho mekundu ya vumbi. Watu wa haraka, hawapendi benchi. Nami nikazoea haraka yao. Kiti changu kikawa kinatazama meza.

Ndipo akaletwa Mabula.

Alikuwa mchimbaji wa Rwamgasa, kijana wa miaka thelathini na kitu, baba wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Wiki kadhaa kabla, maji yalikuwa yamejaa kwenye duara, shimo wanalochimbia. Mpira wa pampu ulikuwa mfupi, wakaamua kuishusha pampu yenyewe chini, na injini yake ya petroli ikiunguruma mle mle. Kila mtu Rwamgasa anajua moshi ule unaua, na kila mtu anadhani dakika tano si kitu. Mabula alishuka kuangalia. Walimvuta kwa kamba akiwa amelegea kama nguo mbichi. Alilala hospitali siku kadhaa bila kujitambua, akaamka, akala, akatembea, akaongea vizuri tu. Ila alisema haoni.

Aliletwa na wenzake wawili wa duarani ambao tayari walikuwa na shaka. Walinieleza pembeni kwamba jamaa anatembea kati ya mawe bila kujikwaa, ukimrushia chungwa anadaka, rangi zote anataja, lakini ukimwonyesha kikombe anakuuliza hicho ni nini. Isitoshe anatikisatikisa kichwa kama kinyonga. Walidhani hataki tena kushuka shimoni na anaona haya kusema.

Nilimpima kwa dakika kumi. Mboni zilisinyaa kwenye mwanga kama inavyotakiwa. Ndani ya jicho palikuwa safi, pazuri kuliko pangu. Nikasimamisha kadi ya E, ile kubwa kabisa, ambayo hata mzee mwenye mtoto wa jicho anaiona. Akatikisa kichwa, akaonyesha juu. Ilikuwa kushoto. Nikageuza, akakosea tena. Nikamwonyesha duara na mraba nilivyochora kwenye karatasi, akasema vinafanana. Nikaangusha kalamu. Akaidaka katikati ya hewa, kwa vidole viwili, bila hata kukatiza alichokuwa akisema.

Kwenye daftari lake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikaandika kwa herufi safi: "Macho mazima. Anajifanya." Nikapiga muhuri. Yeye akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, sista," akaondoka, akikwepa benchi na ndoo na watoto waliolala sakafuni. Nilimwona akivikwepa, nikacheka.

Ulipita mwezi. Asubuhi moja akaja mwanamke amevaa kitenge cha kanisani, anamwongoza Mabula, na daftari lile mkononi. Alikuwa mkewe, Veronika, Mama Kulwa, mtoto wa katekista wa huko Ushirombo. Hakuja kugomba. Aliamkia, akakaa, akaliweka daftari mezani likiwa limefunuliwa kwenye neno langu, akasema ana swali moja. Kwanza akanieleza kisa.

Mama yake mzazi alikuwa amekuja kumjulia hali mkwe wake. Ninyi mnaotoka mbali mjue, kwa watu wa huku mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wakikutana njiani mkwe anapisha, anainamisha uso, na mama mkwe si wa kuanza maneno. Basi yule mama aliingia, akakaa kimya kwenye mkeka, amejifunika khanga, akimsubiri mwanawe atoke jikoni. Mabula akarudi kutoka kisimani. Akapita karibu naye hatua moja, hakuamkia. Akasimama mbele yake, akavua shati, akaanza kujifuta jasho la kifua na makwapa. Mama mkwe aliona haya hata kukohoa. Akainuka, akatoka mbio, na Mabula akashtuka kuliko yeye. Alisema alidhani ni nguo zimerundikwa mkekani.

Habari zikafika Ushirombo. Baba yake Veronika, Mzee Paulo, akaja, akaomba karatasi ya hospitali ili ajue mkwe wake ana nini, akasoma mwenyewe kwa sauti mbele ya ndugu: macho mazima, anajifanya. Kwa hiyo ile haikuwa ajali. Mtu mwenye macho mazima amemvulia mama mkwe shati usoni. Mzee alitamka kwamba Jumamosi atarudi na gari, amchukue binti yake na wajukuu wake.

"Swali langu ni hili, sista," Mama Kulwa akasema. "Mimi nikikaa kimya, Baba Kulwa ananiuliza nani amekaa hapo. Nikisema neno moja, analia. Anayejifanya, analia?"

Nilimgeukia Mabula. Chai yangu ilikuwa mezani, nikamuuliza hicho ni nini. Akatikisa kichwa, akasema cheupe, labda karatasi. Nikamwambia basi nipe hicho cheupe. Mkono ukaenda moja kwa moja, vidole vikajikunja kabla havijafika, vikashika sikio la kikombe, si mdomo wala tumbo, sikio. Alipokigusa akasema, "Kumbe kikombe." Mwongo angepapasa. Mwongo angemwaga.

Nikatoka nje, nikampigia Lutonja huko Songwa. Nilimweleza yote, na neno langu pia nikamsomea, kwa sauti ndogo. Alikohoa muda mrefu. Aliuliza maswali mawili tu: moshi wa aina gani, na je, akiingia mlangoni anatembeaje. Nikakiri kwamba mlangoni sikuangalia. Hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha akaniuliza kama nina kisanduku chochote chenye mwanya. Tulikuwa nacho kimoja, sanduku la maoni la wagonjwa, lililotundikwa ukutani tangu nihamie na ambalo halikuwahi kupata maoni hata moja. Nikalifungua ukutani kwa bisibisi, nikakaa nalo mbele ya Mabula nimelipakata, simu sikioni.

Lutonja akasema ligeuze mwanya ulale, muulize umelala au umesimama. Mabula akasema umesimama. Nikauinamisha, nikampa kadi ndogo ya kliniki, nikamwomba aonyeshe nayo hewani ulivyoinama. Akaonyesha upande mwingine kabisa. Mara sita, na zote alikisia tu.

"Sasa usimuulize chochote," Lutonja akasema. "Mwambie atumbukize."

Mabula akapeleka mkono. Njiani, kabla hajafika, kiganja kikajigeuza chenyewe, kadi ikalala kama mwanya ulivyolala, ikaingia bila kugusa ukingo. Nikageuza sanduku. Ikaingia. Nikalipindua hivi na hivi, ikaingia, ikaingia. Mtu ambaye hajui mwanya umekaaje, mkono wake unajua. Machozi yakanitoka, na yeye akisikia pumzi yangu imebadilika akauliza kwa woga, "Nimekosea, sista?"

Lutonja alinieleza kwa lugha ya nyumbani kwetu. "Wewe si binti wa mpunga? Jicho ni gari linaloleta magunia. Kisogoni kuna wachambuzi, kila mmoja na ungo wake. Huyu anachambua rangi, huyu mwendo, huyu umbo, na yupo mwingine anayeuambia mkono tu namna ya kushika, wala hakuambii wewe. Moshi umemuua mchambuzi wa umbo. Wengine wako kazini." Akaongeza kwamba mwongo akijifanya haoni hukosea kila kitu, lakini huyu anakosea swali la mdomo na kupata swali la mkono, tena kila mara, na hakuna mwongo anayejua kukosea kwa utaratibu huo.

Nikamuuliza kwa nini anatikisa kichwa. Hapo mzee alichangamka. Alisema alipokuwa akichunga ng'ombe utotoni, sungura akitulia kwenye majani makavu humwoni hata akiwa miguuni pako. Akitikisa sikio, sungura mzima anatokea, na miguu na mkia. Mwendo huzaa umbo. Mabula amekosa umbo la kitu kilichotulia, basi anatikisa kichwa ili kitu kitikisike, apate walau ukingo wake. Hakuna aliyemfundisha. Jamani, nimesoma vitabu na kuhudhuria semina nyingi, lakini sijawahi kustaajabu kama siku ile, kwamba kichwa kilichopigwa na moshi kilikuwa kimejitafutia kichochoro bila hata mwenyewe kujua.

Tulimwandikia rufaa ya Mwanza kwa picha ya kichwa, na picha ilipokuja ilikubaliana na sanduku la maoni. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumamosi haikusubiri Mwanza.

Nilifika Rwamgasa kwa bodaboda. Gari la Mzee Paulo lilikuwa limeshaegeshwa, na juu yake godoro la watoto limeshapakiwa. Mzee alikuwa mtu mfupi, safi, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Mabula alikuwa amekaa mbali, kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono magotini. Kulwa na Doto walikuwa wamejibanza kwa mama yao bila kuelewa kwa nini godoro lao liko garini.

Nilimwamkia mzee, nikasema nililojia. Nilijaribu kueleza magunia na wachambuzi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akalitoa daftari.

"Sista, mimi ni katekista. Kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa. Hapa kimeandikwa, na muhuri upo."

"Nimeandika mimi, baba. Na si kweli."

"Sasa nikuamini ulipoandika, au unaposema?"

Ndugu waliguna. Nilistahili. Nikamwambia asiniamini kabisa, ajaribu mwenyewe, kwa namna yoyote atakayo, ila jambo moja tu, watu watembee.

Mzee hakuwa mjinga. Akapanga mtihani ambao mimi Polisi nisingeweza kuupanga. Aliwachukua binti yake na wanawake wengine wa jirani, akaenda nao nyuma ya nyumba, akawabadilishia khanga, akawafunika vichwa, akawavua viatu. Akawapeleka mbali, upande wa pili wa karasha linalonguruma, ili sauti yoyote isisikike. Akaagiza wasimame kwanza kwenye mstari. Akamwambia mkwe wake amwonyeshe mkewe.

Mabula akasimama. Akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Alisema anaona rangi, nyekundu, njano, kijani, tena nyekundu. Kijana mmoja wa ukoo akacheka. Mzee Paulo akanitazama, akaanza kulikunja daftari.

"Waambie watembee, baba," nikasema.

Akapunga mkono. Mstari ukaanza kusogea, wanawake saba, wanapita mbali kwenye vumbi la karasha. Mabula akaacha kutikisa kichwa. Alitulia kabisa, uso wake ukafunguka, sijui niseme vipi, kama mtu aliyepata kituo cha redio.

"Wa tatu," akasema. "Khanga si yake, sijui ya nani. Mguu wa kushoto anautua taratibu, tangu ajifungue hawa pacha. Nimetembea nyuma yake kwenda kisimani kila siku wakati mguu ule unauma. Huyo ni Mama Kulwa."

Mzee Paulo akainua macho kumtazama binti yake. Alikuwa amemlea, na nadhani ule mguu alikuwa anauona kwa mara ya kwanza.

Lakini Mabula alikuwa bado anatazama mstari. Ghafla akainamisha uso, akaupa mstari mgongo, akarudi nyuma hatua nne, tano, mpaka akasimama ametazama ukuta wa nyumba. Akabaki hivyo.

"Mbona unageuka?" mzee akauliza.

"Wa mwisho ni mama," Mabula akajibu ukutani. "Sikuambiwa kama yupo. Mnisamehe, nisingemwangalia."

Karasha liliendelea kunguruma. Mzee alikuwa amemweka mkewe mwisho wa mstari, kimyakimya, bila kumwambia mtu, hata mimi. Na mkwe wake, aliyeshitakiwa kumdharau, alimjua kwa hatua zake toka mbali kuliko tulivyoweza sisi wenye macho, akampisha kama mkwe anavyopisha.

Mzee Paulo akanipa daftari, akaniambia nisome kwanza nilichoandika, kwa sauti, wote wasikie. Nikasoma. Miaka yote ya kazi sijasoma maneno matatu magumu kama yale. Kisha akanipa kalamu yake mwenyewe. Nikapiga mstari juu ya "Anajifanya", nikaandika chini yake: "Haoni umbo la kitu kilichotulia. Anaona mwendo. Mtu akija kwake, aseme au atembee." Nikasaini. Muhuri sikuwa nao, mzee akasema hapana shida. Vijana wa ukoo wakaanza kuteremsha godoro.

Mabula hakupona. Nawaambieni hivyo kwa sababu mtakutana na watakaowauliza. Umbo halikurudi, ila watu wa nyumba ile walibadilika. Mama Kulwa akiwa amekaa anachambua mboga, mumewe akiingia, anatikisa mkono. Watoto wakawa wanajitingisha mbele yake, na akawa mtu pekee Rwamgasa ambaye hawezi kuwachanganya Kulwa na Doto wakikimbia. Shimoni hakurudi, alirudia kazi ya utotoni, ng'ombe, na ng'ombe hawatulii. Mama mkwe alikuja kumtembelea tena, na safari hii, wanasema, alikuwa akikohoa tangu barabarani.

Nami nilirudi chumbani kwangu, nikakigeuza kiti kikatazama mlango. Ndiyo maana mlikikuta hivyo. Mkikigeuza, nitajua.

Siku ya kuniaga mlishangaa kuona familia ile mlangoni. Mabula alikuwa na mvi kidogo, Mama Kulwa kitenge kipya, pacha wameshakuwa wasichana. Mimi nilikuwa nimekaa meza kuu, maua shingoni, siruhusiwi kusogea kwa sababu ya mpiga picha. Mabula alipita mbele yangu kama hatua mbili, akamuuliza mmoja wenu, "Sista Zuhura amekaa wapi?"

Basi nikainuka. Nikatoka nyuma ya meza, nikapiga hatua tatu kumwendea, na kabla ya ya nne akageuka.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, Baba Kulwa."

Nikaendelea kumsogelea, naye akawa ananitazama miguuni, kichwa kimetulia kabisa. Nilidhani anatafuta maneno ya kuagana. Akasema kwa heshima zote, "Sista, goti la kulia. Unalificha. Nenda kapime."

Nilimwambia sina tatizo lolote la goti, mimi ni mzima. Mama Kulwa akanitazama tu.

Wiki iliyofuata nikaenda kupima. Lilikuwa goti la kulia, na daktari aliniuliza ni nani aliyeligundua mapema hivyo.